Tepu Inayoanzia Tatu

Uligeuza uso. Usianze kuniambia hukuwepo, maana mimi sisahau sura na sisahau migongo. Msichana alishika kaunta ya duka kwa mikono miwili, midomo imemkauka kama karatasi, na wewe nyuma yake kwenye foleni ukaanza kusoma maandishi ya boksi la sabuni. Boksi la sabuni! Umefua maisha yako yote, na siku hiyo ndiyo ukataka kujua sabuni inatengenezwa kwa vitu gani. Na kama hukuwa kwenye foleni yetu, ulikuwa kwenye foleni nyingine, duka jingine, na msichana mwingine ameshika kaunta. Kaa hapo nikueleze ulichokataa kukiona.

Mimi naitwa Kipaza. Si jina nililopewa na mama. Ni la kiwandani, nilikoshona kola za mashati miaka kumi na moja, kola tu, mpaka siku niliyopanda juu ya benchi kuuliza kwa nini wajawazito wanakalishwa kwenye viti visivyo na migongo. Kesho yake sikuwa na kiti cha aina yoyote. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma hasa nilijifunzia kwenye magazeti ya zamani tuliyokatia patroni, vile vipande vya kufuatishia kitambaa: nusu ya habari iko kwenye mkono wa shati, nusu iko kwenye kola, unaunganisha mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo nikisoma kitu nauliza nusu ya pili imekwenda wapi.

Tangu nifukuzwe nakaa kwa mdogo wangu, fundi baiskeli, kwenye chumba cha uani. Mkewe, wifi yangu, anashona nyumbani: foronya, aproni, mapazia, magauni ya wajawazito. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Kuna cherehani ya kukanyaga, meza ndefu iliyokuwa mlango wa mtu, pasi, kopo la vifungo, mkasi wa vitambaa ambao ukithubutu kuukatia karatasi utatafuta pa kulala, na kuna tepu.

Tepu ilikuwa yangu. Nilitoka nayo kiwandani ikiwa shingoni, nao kwa hasira zao wakasahau kuidai. Haikumaliza mwezi. Nilikuwa nampigia wifi pasi huku namsimulia habari ya benchi, na nilipofika pale msimamizi aliponinyooshea kidole, mikono ikaniruka, pasi nikaitua bila kuangalia. Inchi tatu za mwanzo zikageuka kitu cheusi kinachonuka. Wifi akataka kuitupa. Nikasema tepu hii imetoka vitani, haitupwi. Basi akakata palipoungua, akazungushia ncha uzi mweusi, na tangu siku hiyo tepu yetu inaanzia tatu. Unapima, unatoa tatu. Hatukuandika popote na hatukumwambia mtu. Wifi humpima mteja kiuno, jicho linasoma arobaini, mdomo unatamka thelathini na saba, na nguo inakaa vizuri mwilini. Miaka kumi na minne. Kitu ukikifanya miaka yote hiyo, hujui tena kama unakifanya.

Ndani ya nyumba hiyo amekulia mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka kumi na tisa na mtaa mzima unamwita Puto. Ni mnene. Nasema mnene. Sisemi "ana mwili", sisemi "amejaliwa", sisemi "ana afya" huku nakonyeza. Mnene, kama mwingine alivyo mrefu na mwingine alivyo na masikio makubwa. Yeye hashoni. Anafuma, kwa ile sindano yenye kichwa cha ndoano: vitambaa vya meza, kofia za vichanga, mikoba, mapazia ya dirisha la choo hata, mpaka baba yake akasema choo chetu kimevaa kuliko yeye. Na mfumaji hapimi kwa tepu. Mfumaji anahesabu vitundu. Kupimwa alipimwa na mama yake, akasimama mikono juu, akasikia namba inatajwa, akashusha mikono. Tepu yenyewe hakuwahi kuishika kwa kazi.

Sasa nikukumbushe, maana najua umesahau. Akiwa na miaka sita, mpiga picha wa shule alimwambia, "Wewe rudi nyuma, utaziba wenzako." Alikuwa mfupi kuliko wote. Ile picha tunayo ukutani, ndani yake ameonekana paji la uso. Akiwa na miaka kumi na moja, mjomba wake alimwambia mbele ya wageni, "Kaa polepole, mwanangu, hicho kiti hakina mwenzake." Sebule nzima ikacheka. Mimi sikucheka, ila nilikuwa natafuna, kwa hiyo sijisifu. Akiwa na miaka kumi na minne alikwenda kutibiwa sikio, akarudi ameandikiwa apunguze mkate. Sikio! Usaha unatoka, mtu anaulizia mkate!

Na jina la Puto, unajua nani alimpa? Mimi. Alipozaliwa, nilimbeba, mashavu yamejaa, nikasema, "Jamani, tumeletewa puto." Kwa mapenzi. Nilisema kwa mapenzi, kama wewe unavyosema yako.

Mwezi uliopita alipata kazi. Mapokezi, kliniki ya macho, ile yenye vioo vya kijani. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Nilimsikia uani akifanya mazoezi na sabuni sikioni kama simu: "Karibu, nikusaidie nini? Subiri kidogo, nakuunganisha na daktari." Barua ilipokuja, mdogo wangu aliitandaza juu ya meza ya kushonea kama ramani ya nchi.

"Mwanangu wa mapokezi! Kila kipofu wa mji huu atapitia kwako kwanza."

"Si vipofu, Baba. Wanaona vibaya tu."

"Vizuri zaidi. Watakuona wawili, mshahara wadai mara mbili."

Tukacheka wote. Kisha wifi akafunua karatasi ya pili. Fomu ya sare. Kifua, kiuno, nyonga. Ndogo, ya kati, kubwa. Na kubwa yenyewe, kiuno kinaishia thelathini na nne. Chini wameandika kwamba mwajiriwa mpya ahakikishe vipimo vyake havizidi vilivyoonyeshwa, na fomu irudishwe baada ya wiki sita, siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Wifi alimtazama binti yake kiunoni, kwa lile jicho la fundi.

"Wiki sita ni nyingi," akasema. "Utapungua tu, mama."

"Apungue aende wapi?" nikauliza. "Wifi, wewe ni fundi. Nguo ikimbana mtu, kinachoachiwa ni mtu au ni mshono?"

"Sare si ya kwetu, wifi. Haiguswi."

"Kasema nani?"

"Wifi, nakuomba. Usipande benchi humu ndani."

Puto alikuwa ameshakunja ile fomu mara nne. "Shangazi, acha tu," akasema. "Itanienea." Akachukua tepu mezani kama mtu anayechukua kiberiti, akaingia nayo chumbani.

Ikamsomea arobaini na moja. Mama yake angetaja thelathini na nane. Lakini hakumwita mama yake, maana kuna mambo binti anayapima mlango umefungwa. Akaandika arobaini na moja kwa penseli ndani ya kifuniko cha boksi la nyuzi, na chini yake, kwa maandishi makubwa, thelathini na nne.

Kisha akafuma. Hapa nataka usikilize. Hakufuma kwa kujificha. Alifuma barazani, mchana kweupe, mimi nimekaa pembeni nafumua mishono ya pazia la zamani. Hakutumia pamba. Alitumia kamba nyembamba ya nailoni, ile ya kufungia vifurushi, vitundu vimekazwa mpaka ndoano inalia. Kikawa kipande kipana, kirefu, kina matundu ya kupitishia kamba za viatu upande mmoja na upande wa pili. Nikakichukua mkononi. Nikakivuta, hakivutiki. Nikamwambia, "Hii ndiyo kazi, mwanangu! Imebana kama ngoma." Nikadhani ni mkoba.

Mimi Kipaza, ninayejua nusu ya habari iko kwenye kola, nikakisifia.

Kilikuwa cha kuvaa. Kutoka chini ya matiti hadi kwenye nyonga, ndani ya blauzi, kimefungwa nyuma kwa kamba za viatu. Kila Jumapili alikifumua safu mbili, akakifunga upya kikiwa kidogo zaidi. Mezani alisema amekula kwa rafiki, kwa rafiki alisema amekula nyumbani. Uji aliumwagia ua lililo kwenye kopo dirishani, likaoza, wifi akalaumu jua.

Na wewe ulifanya nini? Ulimpongeza. Nakumbuka mmoja mmoja. Fundi viatu: "Eh, binti, umependeza!" Jirani wa nyumba ya pili: "Siri yako nini, na sisi tuambie!" Mtu aliyemwona miaka kumi na tisa bila kumpa hata salamu ya maana, sasa anasimamisha mkokoteni kumsifu. Miaka yote hiyo hamkumwona alipokuwepo. Mlianza kumwona alipoanza kuondoka.

Wiki ya sita, Jumatatu, saa kumi jioni, alitumwa dukani. Hapo ndipo aliposhika kaunta. Mwenye duka anasema alisimama hivyo kwa muda wa kuhudumia watu watatu. Watatu! Walinyoosha mikono juu ya kichwa chake wakapokea sukari. Alipoanguka mtu akasema, "Hiyo mimba." Mwingine akasema, "Mpeni soda." Wa tatu akasema apishwe hewa, na wote wakampa hewa, hewa nyingi, hakubaki mtu karibu.

Tulipoitwa tuliwakuta mmempa migongo; mdogo wangu akamkalisha juu ya baiskeli ya mteja akaisukuma, mimi nikamshika mgongoni asianguke. Kiganja changu kikagusa mafundo. Nikayafuata kwa vidole, moja baada ya jingine, kama mishono. Nikajua mkoba wangu umekwenda wapi.

Nyumbani tulifungua blauzi. Mafundo yamekaza, hayafunguki. Wifi akashika ule mkasi wa vitambaa, mkasi ambao hata mimi siugusi bila ruhusa, akaingiza kwenye nailoni akakata kutoka juu hadi chini bila kupumua. Kipande kikadondoka. Ubavuni kote, kifuani, tumboni, kila kitundu alichokihesabu kilikuwa kimechapwa kwenye ngozi yake, safu kwa safu, chekundu. Mama yake aligeukia ukuta. Muuguzi tunayepakana naye akaja, akampima mapigo, akaagiza maji yenye chumvi na sukari, uji kidogo kidogo, na akasema kwa sauti ya kutotaka mjadala, "Hicho kitu kisirudi mwilini mwake."

Kesho yake wifi akasema amshonee gauni pana, lisilogusa majeraha. Puto akasimama katikati ya chumba, mikono juu, kama alivyosimama tangu mtoto. Wifi akapitisha tepu kiunoni, taratibu.

"Thelathini na nne," akasema, akageuka kuandika.

"Mama, hapo ni thelathini na saba."

"Ndiyo. Toa tatu."

"Tatu za nini?"

"Si zile za pasi." Wifi hata hakuinua kichwa. "Tepu inaanzia tatu. Kwani hujui?"

Kalamu ya wifi ikasimama. Mimi nikaitazama ncha ya tepu, ule uzi mweusi. Mdogo wangu ndiye aliyeelewa kwa sauti.

"Kumbe umeshafika!" akapiga makofi. "Wiki nzima umeshafika! Mtoto unashindana na pasi ya shangazi yako!" Akacheka mpaka akashika meza. Wifi akacheka na kulia kwa pamoja, akimkumbatia, "Tepu, jamani, ni tepu tu, mwanangu, kumbe ulikuwa sawa!" Na mimi, niseme kweli, nilicheka. Nilicheka kama mtu aliyefunguliwa pingu. Hapakuwa na mwenye kosa! Kosa la tepu!

Puto hakucheka. Alishusha mikono.

"Na kama isingeungua?" akauliza.

"Nini?" akasema baba yake.

"Tepu. Kama ingekuwa nzima, na mimi kweli nimezidi. Ningekuwa nimefanya vizuri?"

Nijibu wewe. Maana humo chumbani hakuna aliyejibu. Mdomo ulionifukuzisha kazi, mdomo uliosimama juu ya benchi mbele ya cherehani mia mbili, ulikosa neno moja la kumpa mtoto. Tulikuwa tumefurahi kwamba ni mwembamba kuliko tulivyodhani. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu yote.

Wifi, ili kuziba kimya, akaleta ile fomu na kalamu. "Andika basi thelathini na nne, Ijumaa tupeleke, mambo yaishe."

"Nikiandika thelathini na nne, Mama, nikae thelathini na nne mpaka lini?"

"Utazoea."

"Mpaka nistaafu?"

"Kazi hazipatikani, mwanangu!"

"Najua. Naitaka." Akaitazama fomu. "Naitaka kweli. Lakini nikila, nitazidi." Akasogeza bakuli la uji upande wa pili wa meza, taratibu, bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

Hapo. Hilo bakuli. Usiangalie pengine. Akiandika ile namba, anakula kwa kibali cha zipu ya sare siku zote za kazi yake. Asipoiandika, kazi inakwenda kwa mwingine anayeenea. Na mwili wake, ambao haujamkosea mtu, ambao umebeba ndoo za maji na mizigo ya mama yake na kicheko kizuri kuliko vyote mtaani kwetu, umewekwa katikati ili ukatwe kama kitambaa.

Jumatano nikavaa viatu, nikaenda kliniki mwenyewe.

Msimamizi wa mapokezi ni mwanamke wa umri wangu. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuyeyusha lami, na yeye amevaa sweta, limefungwa vifungo vyote. Nikalisalimu sweta kwanza kwa macho, kisha mwenyewe.

"Shikamoo" sikumpa, tuko rika. Nikasema, "Dada, nimekuja kwa kazi ya nusu saa. Nipe sare moja kubwa na kipande cha kitambaa hicho hicho. Nitafungua ubavu, niongeze vidole vinne kila upande. Hata wewe hutajua."

"Hairuhusiwi, mama."

"Kakataza nani?"

"Ni utaratibu."

"Huo utaratibu unakaa chumba namba ngapi? Nikauone."

Akacheka kidogo bila kutaka. "Mama, elewa. Nikimwongezea mmoja, wote watataka."

"Wote?"

Aligeuka kurudisha faili kabatini, rafu ya chini, akainama, na sweta likapanda. Mimi nimeshona miaka kumi na moja, jicho langu halihitaji kualikwa. Zipu ya nyuma ilikuwa wazi kiasi cha shubiri, imeshikwa na pini tatu na kipande cha bitana.

"Pini ya kati imekuingia," nikamwambia polepole. "Kuna damu kwenye bitana."

Alinyooka haraka. Akakaa, mgongo ukutani, mikono juu ya meza. Nje wagonjwa walikuwa wanasoma herufi kwa sauti, kubwa, ndogo, ndogo zaidi.

"Miaka sita," akasema hatimaye, akitazama mlango. "Kila asubuhi mume wangu ananifunga."

"Na wenzako?"

"Wa miwani anavaa koti. Wa dawa hakai chini."

"Kwa nini hakai?"

"Akikaa inapasuka."

Tukatazamana. Wallahi tulikaribia kucheka, wanawake wazima wawili. Nikamwambia, "Sema basi. Mko watatu, mnaogopa nini?"

"Hatuko watatu," akasema. "Hatujawahi kuongea. Mimi nimewaona tu, kama ulivyoniona." Akanisogezea fomu. "Nikisema, nitakuwa ni mimi niliyesema. Ijumaa, kabla ya saa sita. Thelathini na nne, mama. Samahani."

Samahani! Damu inamtoka mgongoni, na ananiomba mimi samahani.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Puto barazani. Mapajani ana bonge jipya la kamba ya nailoni. Ameshaanza mnyororo wa kwanza, midomo inahesabu.

"Mwanangu, hiyo ni nini?"

"Si ya kupunguza, shangazi." Hakuinua macho. "Ni ya kubaki tu. Nibaki hapa hapa nilipo."

Sikumnyang'anya. Ningeweza, mkono wangu ulishaondoka. Lakini kamba ni kamba, angetafuta nyingine, na mikono ile imefuma kofia za vichanga wa mtaa huu wote, haina kosa. Nilikaa chini sakafuni, karibu na miguu yake. Nikamweleza nilichokiona kliniki. Sweta, koti, na yule asiyekaa. Ndoano ikaenda polepole, ikaenda polepole zaidi.

"Wanajuana?" akauliza.

"Hapana. Kila mmoja anadhani yuko peke yake."

Akafikiri. "Wangekuwa wanajuana," akasema, "ningeweza kula." Kisha akaendelea kuhesabu, kutoka pale alipoachia.

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza. Na leo ni Alhamisi, na mnyororo umefika safu ya tisa, na bakuli la asubuhi liko mezani na utando juu. Fomu iko chini ya mguu wa cherehani ili upepo usiibebe. Haijaandikwa. Wifi ameacha kushona. Amekaa mkabala na mwanawe, ameshika magoti.

Sasa wewe. Umefika mpaka hapa, kwa hiyo huna tena boksi la sabuni la kusoma. Usinitumie pole. Usiniambie binti ni mzuri hivyo hivyo alivyo. Nenda ukamwambie wako, yupo, nyumbani kwako, anayekaa mwisho kwenye picha, anayekula akiwa amesimama jikoni, ambaye jina lake la utani ulilicheka jana. Nenda sasa hivi, acha kumpongeza kwa kupungua, kaa naye, kula naye, mpaka sahani iishe.

Na wewe wa koti, wewe usiyekaa chini, wewe wa sweta, nakuandikia wewe kwa namna ya pekee. Na wewe usiyefanya kazi kliniki lakini umejifunga pini asubuhi hii, na unajua ni ngapi. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa pale mlangoni, penye vioo vya kijani, mimi na wifi na cherehani juu ya mkokoteni wa mdogo wangu. Njooni mkiwa mmevaa kama mnavyovaa, zipu ikiwa pale inapoishia. Mgongo wazi. Tusimame pamoja, Puto atutazame, atuhesabu, kisha aandike namba yake ya kweli kwenye ile fomu, hata ikizidi, nasi tuanze kufungua mishono pale pale barabarani.

Usisubiri kesho kuamua. Kesho utapata sababu, na utakuwa umeshafunga vifungo. Simama hapo ulipo, hata kama kuna watu. Vua hilo sweta.